Mitishamba ya Njombe Ipimwe Kwanza

Mji wa Makambako umesimama njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hapo ndipo inapoachana na ile iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA nayo ina kituo chake hapo hapo. Mazao mengi ya nyanda za baridi za Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hupita Makambako kabla ya kuufikia ulimwengu: viazi mviringo, mahindi, mbao, chai, na siku hizi maparachichi. Sisi wa Visiwani ni wanunuzi wa siku nyingi wa mizigo hiyo, na mara nyingi kiazi kinachomenywa jikoni Michenzani au ubao unaopigwa randa Wete umetoka huko, ingawa mwenye kununua hakuuliza.

Upo mzigo mwingine upitao njia hiyo ambao hauna daftari. Ni magome, mizizi na majani makavu yaliyotiwa katika viroba, na ni chupa zilizokwisha kutumika zilizojazwa maji ya rangi ya kahawia, zisizo na tarehe wala jina la mmea. Msafiri ashukaye basi akinyoosha miguu huelezwa kwamba maji hayo yanaondoa sumu mwilini, yanasafisha damu, yanarudisha nguvu. Baadhi ya viroba na chupa hizo huvuka bahari na kufika masokoni kwetu. Leo gazeti hili linapenda kuuzungumzia mzigo huo, kwa kuwa wataalamu wamekwisha kupata njia mpya ya kukamua kilichomo ndani ya mitishamba, nasi tunahofu kwamba njia hiyo ama itapuuzwa na wenye dhamana, ama itadakwa kwa pupa na wafanyabiashara kabla Serikali haijasema neno.

Njia yenyewe ni ya kutumia sauti. Wananchi wanaijua altrasaundi kwa kuwa ndiyo itumikayo hospitalini kumtazama mtoto tumboni mwa mama yake. Ni sauti ya mitetemo mikali mno, zaidi ya 20,000 kwa sekunde, ambayo sikio la mwanadamu haliisikii. Sauti hiyo, ikiwa na nguvu kubwa zaidi kuliko ile ya hospitali, ikipitishwa katika chombo chenye maji na majani yaliyosagwa, huzusha viputo vidogo visivyohesabika. Kila kiputo huvimba, kisha hupasuka kwa kujifinya ndani, na mpasuko huo, mdogo ajabu lakini mkali, huzitoboa kuta za seli za jani na kuyaachia maji yaingie na kuchukua kilichomo. Jambo lililohitaji kuloweka mchana na usiku huweza kumalizika kwa nusu saa, na bila ya kuchemsha. Beseni dogo la namna hii si kitu cha ajabu: masonara huvitumia vyombo vya jamii hiyo kusafishia pete na mikufu, na matabibu wa meno husafishia vifaa vyao.

Kinachotafutwa zaidi kwa njia hiyo ni vitu ambavyo wataalamu huviita antioksidanti. Neno ni geni, lakini jambo si geni kwa mtu wa Njombe. Parachichi likikatwa na kuachwa juu ya meza, baada ya muda hugeuka rangi ya udongo, kwa kuwa hewa imeingiliana na nyama yake. Likikamuliwa ndimu juu yake, hukaa na rangi yake kwa muda mrefu zaidi. Ndimu imezuia kazi ya hewa. Miongoni mwa vitu vifanyavyo kazi ya jamii hiyo ni wale wa ukoo wa polifenoli, nao wamejaa katika chai, katika magome, katika kokwa la parachichi tunalolitupa, na katika karafuu zetu wenyewe. Mmea hauvitengenezi kwa ajili yetu. Huvitengeneza ili kujilinda na jua, wadudu na ukungu.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya maabara za Ulaya na Uchina, na kwamba Njombe haiyawezi. Wanasahau kwamba Njombe imekuwa ikikamua polifenoli tangu enzi za ukoloni. Mwaka 1949 Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza lilianzisha huko Kampuni ya Tanganyika Wattle, ambayo wenyeji wanaiita TANWAT mpaka leo. Milima ilipandwa miwati, miti iliyoletwa kutoka upande wa pili wa dunia, Australia. Miti hiyo hukatwa baada ya miaka minane hadi kumi, ikachunwa gome, gome likakatwakatwa, likapikwa kwa maji ya moto, na maji yake yakakaushwa mpaka yakawa kama lami ngumu iliyo nyekundu. Hiyo ndiyo tanini, nayo ni mmoja wa ukoo ule ule wa polifenoli. Katika gome kavu la muwati, theluthi moja hivi ya uzito ni tanini. Iliuzwa ng'ambo kwa watengenezaji wa ngozi. Basi mfanyakazi wa Njombe alikuwa akipika polifenoli kwa matani, kabla wengi wetu hatujalisikia neno hilo, ili viatu vya watu wengine visioze.

Tunayasema haya si kwa kutafuta sifa. Tunayasema kwa sababu kiwanda kile kilifanya jambo ambalo waganga wetu na wauzaji wetu wa mitishamba hawajalifanya. Kilipima. Tanini haiuziki kwa maneno ya muuzaji; mnunuzi huuliza ni sehemu ngapi kwa mia, na huletewa karatasi. Mkoloni hakuwa na pendo kwa gome la muwati, lakini alijua kuwa kitu kisichopimwa hakina bei. Mitishamba yetu, ambayo mababu waliiamini maisha yao, bado inauzwa kwa ufasaha wa ulimi.

Wananchi wa Pemba hawahitaji kusomeshwa somo hili. Zamani makonyo ya karafuu yalikuwa takataka ya uwanjani. Leo kiwanda cha Wawi kinayakeneka pamoja na majani ya mkarafuu, na mafuta yake huuzwa kwa kuwa yanajulikana yana nini: sehemu kubwa ni yujeno, kitu kile kile ambacho tabibu wa meno hukitia katika jino bovu, nacho kikihesabiwa miongoni mwa antioksidanti zenye nguvu. Karafuu yenyewe hupangwa kwa daraja kabla ya kulipwa. Mkulima hunung'unikia daraja aliyopewa, na pengine ana haki, lakini hakuna anayetaka mizani iondolewe.

Sasa tuje kwenye swali la moto, kwa sababu hapo ndipo ilipo tofauti baina ya njia ya zamani na hii mpya. Takriban kila mganga wetu, Bara na Visiwani, huchemsha. Chungu hutiwa jikoni, mizizi ikatokota mpaka maji yakabadilika rangi, na rangi ikawa ndiyo kipimo. Kwa dawa nyingi jambo hilo halina ubaya. Kwa nyingine moto ndio unaoiua dawa.

Ushahidi mkubwa wa hili ulipatikana katika miaka ile ile ambayo ndugu zetu wa Uchina walikuwa pamoja nasi wakiijenga reli ya TAZARA, kati ya 1970 na 1975. Huko Beijing, mtafiti mmoja mwanamke, Bibi Tu Youyou, alikuwa katika kazi ya siri iliyoanzishwa Mei 1967 kutafuta dawa ya malaria kwa ajili ya wapiganaji wa Vietnam ya Kaskazini. Alikuwa na mmea mmoja wa jamii ya pakanga ambao vitabu vya kale vya Kichina viliusifu kwa homa. Kila alipoukamua kwa moto matokeo yalikuwa hafifu, tena yasiyoaminika. Akarudi vitabuni, akakuta katika kitabu cha tabibu aliyeishi zaidi ya miaka 1,600 iliyopita kwamba mmea huo huloweshwa katika maji na kukamuliwa, na habari ya kuchemsha haikutajwa. Akabadili njia, akatumia kiyeyusho kinachopanda mvuke kwa joto dogo. Mwezi Oktoba 1971, kiini chake namba 191 kiliwaponya panya wote waliokuwa na malaria. Kutokana na kazi hiyo ikapatikana artemisinini, dawa ambayo leo ndiyo msingi wa dawa mseto tunazopewa zahanati, na mwaka 2015 akatunukiwa Nishani ya Nobel.

Msomaji na azingatie mambo mawili katika habari hiyo. La kwanza ni kwamba elimu ya wazee ilikuwa sahihi, na ilikuwa sahihi hata katika jambo dogo la kutochemsha, ambalo msomi angeweza kulipuuza. La pili ni kwamba elimu hiyo haikutosha. Ilibidi ipimwe kwa panya, kisha kwa watu, kwa dozi iliyoandikwa, na iliyoshindwa iandikwe kuwa imeshindwa. Kabla ya namba 191 zilikuwapo namba 190.

Hapo ndipo sauti inapopata kazi yake. Kwa kuwa haihitaji maji kuchemka, inafaa kwa mimea ambayo nguvu yake huharibiwa na moto. Kwa kuwa inakamua vizuri zaidi, mzizi mmoja unaweza kufanya kazi ya mizizi mitatu, na pengine jani likatosha mahali ambapo zamani mti mzima uling'olewa. Hili si jambo dogo kwa misitu ya nyanda za juu. Mti uitwao na wataalamu Prunus africana, ambao gome lake hununuliwa Ulaya kwa maradhi ya tezi dume, umechunwa katika milima ya Afrika hata mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya mkataba wa kimataifa unaolinda viumbe vilivyo hatarini. Mchuna magome hana uadui na msitu. Ana watoto wa kuwasomesha, na hajui njia nyingine ya kupata kilo ileile kwa miti michache.

Lakini na tuseme ukweli wote. Sauti haichagui. Ikiitoboa seli, humwaga kila kilichomo, kizuri na kibaya, na mmea wenye sumu utatoa sumu yake upesi kama utoavyo dawa. Mashine ikiachwa ikafanya kazi kupita kiasi, au chombo kikaachwa kikapata moto, huanza kuharibu kile kile kilichokusudiwa kuhifadhiwa. Na hata kiini kikitoka kizuri, kazi bado haijesha, kwa sababu kuna masafa marefu kutoka chupa ya maabara hadi mwili wa mgonjwa.

Wapimaji wana kipimo chepesi wanachokipenda. Wanachukua maji ya rangi ya zambarau, wanatia tone la kiini cha mmea, na wanatazama kwa mashine jinsi zambarau inavyofifia ikawa manjano. Ikififia upesi, antioksidanti ni nyingi. Ni kipimo kizuri, cha bei nafuu, na kijana aliyemaliza sekondari anaweza kufundishwa. Kinapima rangi. Hakipimi maradhi. Mtu akikuonyesha karatasi ya kipimo hicho na kudai kuwa imethibitisha dawa ya saratani au ya kisukari, amekuonyesha kwamba maji ya zambarau yamekuwa manjano, basi.

Dunia imekwisha kulipa kwa kulisahau hili. Nchini Finland wavutaji sigara wanaume zaidi ya 29,000 walipewa, baadhi yao, vidonge vya beta-karotini, antioksidanti inayokipa karoti rangi yake. Kila mtu alitumaini kuwa itawakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1994 ikaonekana kwamba waliomeza vidonge hivyo walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa kadiri ya 18 kwa mia, kuliko ambao hawakumeza. Utafiti wa jamii hiyo huko Marekani ulisimamishwa Januari 1996 kabla ya wakati wake kwa sababu hiyo hiyo. Karoti katika pilau haijamdhuru mtu. Kilichodhuru ni kuitoa antioksidanti ndani ya chakula, kuizidisha, na kuidhania heri kwa kuwa jina lake ni la heri.

Kwa nini tunalitia mkazo jambo hili tunapoizungumzia Njombe hasa? Kwa sababu mkoa huo umebeba mzigo ambao hauna mfano nchini. Uchunguzi wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Njombe watu wazima 12.7 kwa kila mia wanaishi na virusi vya UKIMWI, kiwango kikubwa kuliko cha mkoa wowote, wakati kwa nchi nzima ni 4.4. Maana yake ni kwamba katika basi moja lililojaa, lisimamapo Makambako, wamo abiria kadhaa ambao uhai wao umetegemea kidonge kimoja cha kila siku kinachotolewa bure na Serikali. Muuzaji wa chupa anayewaambia kwamba maji yake yanapandisha kinga na kuondoa sumu za vidonge, anamwambia mtu huyo aache kidonge chake. Huenda hakukusudia. Lakini mgonjwa husikia anachotaka kusikia, hasa mgonjwa aliyechoka. Na hata asiyeacha, akichanganya kidonge na kiini kikali cha mmea usiojulikana, mmea huo unaweza kuidhoofisha dawa mwilini au kuizidisha. Kiini kilichokamuliwa kwa mashine kina nguvu kuliko maji ya chungu. Hatari nayo inaongezeka kwa kadiri hiyo.

Tunayakumbuka ya mwaka 2011, wakati maelfu ya watu, wakiwamo viongozi na wasomi, walipofunga safari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Wengine waliacha vidonge vyao njiani. Hatukusudii kumlaumu mzee ambaye amekwisha kutangulia mbele ya haki. Lawama, kama ipo, ni yetu sote tuliokuwa na maabara na tukaacha foleni itangulie kipimo.

Sheria zipo. Bara, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ni ya mwaka 2002, na ina Baraza lake la kusajili waganga na dawa. Zanzibar tunayo yetu ya mwaka 2008. Muhimbili walianza kitengo cha kuchunguza dawa za kienyeji tangu 1974, kitengo ambacho sasa ni taasisi kamili. Wakala wa Mkemia Mkuu wapo pande zote mbili za Muungano. Upungufu hauko katika sheria. Mzee wa Lupembe au wa Wanging'ombe mwenye dawa yake ya kweli, aliyorithi kwa bibi yake, akitaka ipimwe, atasafiri siku nzima na zaidi hadi Dar es Salaam, atalala kwa watu, ataambiwa arudi, na mwisho atarudi zake kwenye kituo cha basi na chupa zake. Mwaminifu amechoka, mjanja hakujaribu, na kwa mnunuzi wote wawili wanafanana.

Kwa hiyo pendekezo la gazeti hili ni kwamba chumba cha kukamulia na kupimia mitishamba kiwekwe huko huko inakoota, Njombe au Makambako. Hatusemi chuo, wala jengo la ghorofa lenye jiwe la msingi. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973 kwa kazi za namna hii hasa, lingeweza kukipa mahali. Makambako ina umeme wa kutosha. Njia kubwa ya umeme iendayo Songea huanzia hapo. Kinachohitajika ni tanuri la kukaushia, maana katika ukungu wa Njombe jani lisilokaushwa vyema huota kuvu kabla halijafika sokoni, na kuvu ni sumu, kinu, beseni la sauti, mashine ya kupima rangi, na vitabu vya kuandikia. Mleta dawa apewe karatasi inayosema mambo matatu: huu ni mmea gani, una nguvu kiasi gani, na je, una sumu, kuvu au madini mazito. Karatasi isiseme kuwa unaponya. Neno hilo libaki kwa Baraza na kwa madaktari baada ya majaribio.

Tunataka pia iandikwe jina la aliyeleta. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 imekubali kwamba mwenye mmea na mwenye elimu wana haki ya sehemu ya faida, lakini haki hiyo haimfikii mtu ambaye jina lake halimo katika daftari lolote. Wazee wengi huficha dawa zao kwa hofu ya kuibiwa, na hofu hiyo ina msingi. Chumba kisichoweza kumhakikishia mzee siri yake hakitaona mzee mlangoni.

Lipo jambo moja ambalo wasomaji wetu wengi watatuuliza, nalo tusilipite. Katika maabara nyingi kiyeyusho kinachopendwa ni mchanganyiko wa maji na spiriti, kwa kuwa spiriti huchukua polifenoli vizuri kuliko maji peke yake. Spiriti hiyo huvukizwa baadaye ili kibaki kiini, lakini mtu mwenye dini yake ana haki ya kujua kilichopitishwa katika dawa anayoinywa, na masheikh wetu wana haki ya kuulizwa mapema, si baada ya chupa kufika Darajani. Kwa bahati njema, sauti huyapa maji matupu uwezo ambayo hayakuwa nao. Yanaweza yasifikie spiriti kwa kila mmea, lakini kwa mingi yanakaribia kiasi cha kutosha. Tungependa chumba hicho kianze na maji, na kila karatasi itaje kiyeyusho waziwazi. Ni jambo la herufi chache tu.

Waziri wa Fedha anaweza kutuuliza faida iko wapi. Tutamjibu kwa uangalifu, kwa kuwa tumeona ahadi nyingi za mimea ya dhahabu. Katika miaka ya 2000 wakulima wa Afrika Mashariki walihimizwa kulima pakanga ile ya Kichina. Bei ya artemisinini ilipanda juu mno, kisha ifikapo 2007 ikaporomoka, na wengi wakang'oa. Kenya nayo ilikuwa ikiongoza dunia kwa pareto, maua yanayotoa dawa ya kuulia wadudu, na mkulima wake alilipwa kwa kadiri ya nguvu ya maua yake iliyopimwa maabara. Utaratibu ulikuwa wa haki kabisa. Lakini malipo yakaanza kuchelewa, mwezi ukawa miezi, na wakulima wakaiacha pareto. Kipimo kilikuwa sahihi, fedha haikuja. Wapangaji wetu wa mambo wanapenda kujifunza kutoka nchi za mbali. Hili ni la jirani, na tiketi yake ni rahisi.

Kwa hiyo tusiwaambie watu wa Njombe waache viazi wapande dawa. Faida ya kwanza tunayoiona ipo katika vitu vinavyotupwa: makokwa na maganda ya parachichi, majani ya chai yasiyofaa kiwandani, magome yanayobaki katika viwanda vya mbao. Vitu hivi havihitaji shamba jipya, na kiini chake kinaweza kutumika kuzuia mafuta ya kula yasichache na vyakula visiharibike, matumizi ambayo hayamhusu mgonjwa na hayasubiri miaka ya majaribio hospitalini. Baadaye chumba kikizoea kazi, watumishi wake wakiwa wamefundishwa na vitabu vyake vikiwa vimejaa, dawa zitafuata kwa hatua zake. Na kilichojifunzwa Njombe kwa parachichi, Pemba itakitumia kwa majani ya mkarafuu na Unguja kwa mdalasini na mchaichai.

Mwezi Mei 1972 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Iringa, mkoa ambao Njombe ilikuwa sehemu yake mpaka ilipofanywa mkoa mwaka 2012, ikatoa tamko la Siasa ni Kilimo. Makada wa rika letu walilisoma shuleni. Tamko lile halikumwambia mkulima ajitahidi tu, kwa maana mkulima alikuwa akijitahidi tayari. Lilimtaka kiongozi ajue mbolea, mbegu na nafasi baina ya mche na mche. Kiongozi wa leo anayezungumzia tiba asili jukwaani angefaa aulizwe maswali ya jamii hiyo. Mmea gani? Umekaushwa kwa joto gani? Umekamuliwa kwa nini, kwa dakika ngapi? Nani amepima?

Makadirio ya fedha ya Serikali zote mbili husomwa kila mwaka kabla ya Julai. Tunaiomba Wizara ya Afya ya Bara na ile ya Zanzibar, kwa pamoja na Mkoa wa Njombe, zikutane kabla ya hapo na kuweka fungu la tanuri moja, kinu kimoja, beseni moja, mashine moja ya kupima rangi, na mkemia mmoja atakayekubali kuishi Makambako na ambaye mshahara wake utafika kila mwisho wa mwezi.